Lifti ya Sabato

Ijumaa, saa kumi na dakika kumi
(Montreal, Desemba, usiku haubishi hodi),
fundi wa jengo huzungusha ufunguo wake
na lifti huacha kupokea amri.
Siku hiyo hatuwashi, hatuzimi, hatubonyezi.
Hupanda yenyewe, husimama kila ghorofa,
hufungua, hungoja, hufunga,
kama shangazi apitaye mlango kwa mlango
kuuliza tu: mmeamkaje?

Mimi naishi ghorofa ya kwanza.
Ningeweza kushuka ngazi kumi na nne hadi mezani,
goti la kushoto bado linakubali,
ila hupanda kwanza mpaka juu, kwa ajili ya mazungumzo.
Huketi kwenye kibao kilichofungwa ukutani
ambacho Zisl Rotkopf alikidai kwa kamati
miezi saba, barua nne, na kununa mara moja.

Nguo zangu zingali na harufu ya hamira.
Asubuhi tulisuka mikate.
Vidole hivi, vya karani wa kiwanda cha kofia,
vimesahau hesabu zote za kiwanda,
lakini wape nyuzi sita za unga
uone kama vitauliza njia.
Mishumaa yetu ni ya betri.
King'ora cha moto hakijui dini.

Ghorofa ya pili, Prosper Ohayon,
manukato yakimtangulia, viatu vikimfuata.
Zisl hakungoja mlango ufunge:
"Leo wametia mayai kwenye chungu. Mayai!"
Prosper: kwao Meknes, chungu kisicho na mayai
hakilazwi motoni usiku kucha, ni aibu.
Zisl: shayiri, maharage, nyama, basi;
mengine ni mbwembwe.
Miaka tisa ugomvi huu.
Na kila Jumamosi mchana kila mmoja
hujipakulia cha mwenzake, akamaliza,
akasema hakina chumvi.

Ghorofa ya tatu hapakuwa na mtu,
viti tu, vingali duara tangu Alhamisi
Noemi alipotuamuru tuinue mikono
kama wachuma matufaha.
Gitta aliinua mmoja, wa pili akawa anaufikiria.
Hapo hapo huchezwa bingo. Zawadi ni ndizi.
Nimemwona mwanamume aliyemiliki maduka mawili
akilia kwa ajili ya ndizi.

Ya nne.
Hapa huingia Mendl Fajnzylber, fundi saa,
huitazama saa yake, kisha sisi,
kana kwamba waliochelewa ni sisi.
Jumatatu tulimzika.
Udongo ulikuwa umeganda,
koleo likaugonga kama mtu anayeomba kufunguliwa.

Lifti haina habari.
Ilifungua.
Siku nyingine yoyote mmoja wetu angebonyeza,
kwa haya, au kwa huruma.
Tukatazama zulia. Tukatazama mlango wake,
na kile kibweta cha maandiko kwenye mwimo,
kimeinama kidogo, kama mzee mwenye sikio moja zima.
Prosper akasogea kando, akaacha nafasi,
mazoea tu, mwili umemtangulia mwenyewe.

Mendl aliwahi kuwaandikia wenye kampuni
kwamba mlango hauchukui sekunde ishirini
kama wanavyodai, bali ishirini na moja.
Hawakumjibu.
Sasa Zisl akawa anahesabu, kwa Kiyidi, chini chini,
na sisi midomo ikimfuata,
hata Prosper, ambaye Kiyidi hakijui:
kumi na nane, kumi na tisa, ishirini,
na mlango bado wazi,
ishirini na moja,
ukafunga.

"Alisema," Zisl akasema.

Ya tano aliingia mwanamke mgeni,
amewasili juzi kutoka Winnipeg,
kadi ya jina bado kifuani: Hinda.
Akauliza, "Hii inakwenda juu au chini?"
"Kote," tukamjibu.
Akaingia akasimama
palepale Prosper alipoacha nafasi.
Hatukumwambia.