Mdeki

Kwetu neno ni moja kwa vitu viwili:
risasi ni madini yaliyolala katika sufuria kuukuu,
na risasi ndiyo iliyokwisha kwenda.
Baina ya hizo mbili alisimama baba yangu,
Fundi Mwidani wa Kibokoni,
upawa mkononi, kikoi kimetobolewa na cheche,
akinuka nta ya nyuki na shahamu ya kondoo.

Mwaka ule Ujagar Singh wa karakana ya reli
alileta bunduki ya babu yake, ya baruti nyeusi,
ndefu kunipita, kasiba yenye pembe nane.
Alitaka kombe la yadi mia sita kule Miritini.
Baba akachonga kalibu mpya, miezi miwili ya tupa na jasho:
risasi ya inchi moja na nusu,
nene, yenye heshima zake, kama kidole cha kadhi.
"Nzito haipeperushwi," alisema,
na alipenda kulisema mbele ya wateja.

Yadi mia mbili, matundu yalikaa pamoja kama vifungo vya kanzu.
Yadi mia sita, karatasi ilirudi imeumbuka:
risasi zimeingia kwa ubavu,
kila tundu kama la ufunguo,
na mbili hazikuonekana kabisa.
Ujagar hakusema kitu.
Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni kama hati ya deni.

Baba akalaumu baruti. Akalaumu unyevu wa Mombasa
unaogeuza masizi kuwa gundi.
Akalaumu bati: muuzaji wa Mwembe Tayari kampunja,
sehemu moja kwa ishirini haikutimia.
Akanilaumu mimi, Barke,
kwamba sikupuliza pumzi kasibani baina ya mlio na mlio,
nami nilipuliza hata midomo ikawa myeusi.

Usiku wa Ramadhani, yeye yuko tarawehe,
nikautwaa mdeki.
Nikauzungushia pindo la leso ya marehemu mama,
limebaki na herufi tatu tu za jina lake.
Nikausukuma ndani, ukabana.
Nikautia alama ya chaki, ikitazama dari.
Nikavuta. Chaki ikageuka,
ikatazama ukuta, ikatazama sakafu, ikatazama mlango,
kama mtu anayetafuta kiatu chake.
Ilipoitazama dari tena nikapima:
inchi ishirini na mbili.

Basi.
Nimecheza pia uani na kaka zangu.
Fupi nene, hata ukiitupa kivivu, husimama ikalala usingizi wake.
Iliyorefuka yataka mkono wa hasira,
la sivyo yalewa.
Kasiba hii ilikuwa na mkono mpole.
Tulikuwa twaidai hasira isiyokuwa nayo.

Sikumwambia. Niliuacha mdeki mezani,
chaki na futi kando yake.
Asubuhi akauvuta mara tatu.
Mara ya tatu kitambaa kikafunguka, akakijua.
Akakaa nacho.
Kisha akaitwaa kalibu ya miezi miwili
akaikata robo inchi, bila kunitazama,
vumbi la chuma likimwangukia mapajani.

Alasiri nikakuta maandishi ukutani:

Ndefu haitaki pole,
yapinduka huko mbele;
fupi hutulia tele:
kasiba ndiyo mwamuzi.

Akadai ni ubeti wa wahenga.
Chaki ilikuwa yangu, na haijakauka jasho la vidole vyake.

Ujagar hakulipata kombe. Alikuwa wa tatu,
na mkono wake mwenyewe ulitetemeka, alikiri.
Lakini matundu yote kumi yalikuwa duara.
Baba aliiinua karatasi juani
akachungulia moja moja, jicho limefumbwa,
mpaka wenye kiwanja wakataka kufunga lango.

Kile kipande cha robo inchi ninacho.
Kimetiwa kwenye pete, pamoja na funguo za nyumba.