Ijumaa Imeliwa Jumatano

Jumapili, ibada ya kwanza ikishatoka,
sivui hata kitenge. Najifunga kanga juu yake,
nateleka lile sufuria la misiba
lililoandikwa ubavuni JUMUIYA kwa rangi nyekundu,
ambalo kila mwezi naapa nitalirudisha.

Makaroni kilo mbili. Chumvi, ukufi mmoja.
Nyama ya kusaga ya bucha ya Mbuyuni,
nyanya za Kiboriloni, zile laini za kumalizia gunia,
karoti nimezikwangua mpaka viganja vikawa vya njano.
Aikaruwa anamenya vitunguu swaumu na kunung'unika.
Nderingo kazi yake ni kuonja,
na leo hakuna aliyemzidi bidii.

Makaroni uyaepue kabla hayajaiva,
yangali na kamoyo kagumu katikati;
moto wa pili ndio utakaoyamalizia.
Hili sikufundishwa na mtu. Nimelijua
baada ya wiki nzima ya kula uji wa makaroni
na mume wangu akinyamaza kwa adabu.

Kisha kungoja yapoe. Hapo ndipo pagumu.
Ukifunika ya moto, jasho la mfuniko
linageuka theluji, na theluji
sisi wa Moshi tunayo ile moja kule juu, yatosha.

Makopo ya aisikrimu, makopo ya siagi,
bakuli moja la mtu, sikumbuki nani.
Kila kopo nalibandika plasta
(nimeinunua dukani, msinitazame hivyo),
naandika Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa,
kwa mwandiko uleule ninaowaandikia
vichanga wa wodini, kwenye vifundo vya mikono,
wasije wakabadilishana mama.

Mama mkwe ameshuka kutoka Machame
na mkungu wa ndizi. Akafungua friza, akaifunga.
"Mwanangu, chakula kinalazwa kama maiti?"
Nikacheka. Sikumwambia
kwamba saa kumi na moja jioni natoka
wao ndio kwanza wanafungua madaftari,
na kwamba mtu hawezi kuwa mahali pawili
asipojigandisha kidogo.

Jumatano umeme ukakatika Pasua nzima.
Wodini jenereta linanguruma,
nami kati ya uchungu wa mama huyu na yule
naiwaza friza yangu. Sukuma, mama. Pumua.
Sasa hivi Alhamisi inalainika.
Sukuma tena. Ijumaa imeanza kutoa maji.
Akazaliwa wa kiume, kilo tatu na robo,
nikachukua plasta, mkono ukataka kuandika siku
badala ya jina la mama yake.

Asubuhi nakuta makopo yameoshwa,
yamepinduliwa kwenye karai, yanameta.
Aikaruwa yuko mlangoni, sare imevaliwa, macho chini.
"Mama, yalianza kulia. Nikawasha mkaa.
Nimepasha Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.
Nikawaita wa kwa Mama Ndeshi wote,
na fundi pikipiki, na wale wanafunzi wa chumba cha uani.
Tulikuwa kumi na wanne. Baba alipiga simu kutoka Singida,
akasikia kelele, akauliza ni sherehe ya nani."

Akanyamaza. Kisha, kwa sauti ya chini:
"Ijumaa ndiyo iliyokuwa tamu zaidi."

Nikakaa kwenye kigoda, viatu vya kazi bado miguuni.
Nilitaka kukasirika, nikatafuta pa kuanzia, nikakosa.
Nikauliza tu, sasa leo tutakula nini,
na Nderingo akanyoosha kidole pembeni ya jiko:
mkungu wa bibi yake, mbichi, umetulia,
haukuwahi kudai umeme na mtu,
na kwenye ndizi ya juu kabisa, imepinda kidogo,
plasta yangu: ALHAMISI.