Mpira wa Elfu Nne

Saa nane usiku, Chikongola,
nyumba ikaanza kunong'ona.
Nikadhani ni mvua ya kwanza juu ya bati,
nikazisikitikia korosho za watu zilizoanikwa nje,
nikageuza mto.

Haikuwa mvua.
Ilikuwa chini ya sinki:
mpira mmoja mwembamba, wenye fulana ya waya,
umepasuka shingoni, pale unapoumana na nati,
unatema maji kama mtoto
aliyejifunza kutema mate jana.

Niliununua mwenyewe.
Fundi Nankumba alisimama dukani ameshika miwili,
mmoja kila mkono, akiipima kwa kiganja:
"Huu elfu kumi na mbili, nati yake shaba.
Huu elfu nne, nati yake maneno."
Nikachukua maneno.

Siku ile kulikuwa na ada ya Shazili, na luku inalia,
na elfu nane ni elfu nane.
Hewa ya chumvi ya mji huu haikunidai papo hapo.
Ilingoja. Ikala waya mmoja mmoja,
taratibu, kama mtu anayechambua dagaa.

Naingia jikoni, maji yamefika vifundoni.
Ndala moja inaelea kwenda sebuleni.
Unga wa muhogo, kilo tano, umekuwa uji bila moto.
Ile koki ndogo ya ukutani imeshikana kwa kutu;
niliponyonga, kichwa chake kikabaki mkononi mwangu.
Nikamtukana fundi. Nikamtukana mwenye duka.
Katika orodha ile, mtu mmoja nilimruka.

Na mama alikuwa pale.
Amekuja juzi kutoka Newala, kupimwa macho Ligula.
Sikumwita. Alikuwa amechutama gizani,
kila chombo cha nyumba hii kimejipanga mbele yake:
masufuria, beseni, ndoo ya rangi, chupa za soda,
hotipoti ya wageni,
hata kikombe cha miswaki.
Anakinga.
Kikijaa anasukuma, anavuta kingine,
na tone halipati nafasi ya kuanguka katikati.
Mkono unaujua mwendo ule kuliko macho.

"Mama, toka, utateleza. Naenda kufunga kwenye mita."
"Subiri," akasema. "Subiri kwanza lijae hili."

Nikasimama na tochi ya simu.
Nilikuwa mgongoni, au sijazaliwa,
zama zile anashuka bondeni jogoo hajawika,
anakaa foleni ya kisima mpaka kunapambazuka,
kwa debe moja la maji rangi ya chai ya maziwa,
kisha anaupanda mlima
kama aliyejitwika mayai.
Alinisimulia mara moja tu, akicheka,
habari za mwenzake, Somoe Nachihungo,
aliyejikwaa hatua tatu kabla ya mlango wake,
akaketi palepale,
akautazama mchanga ukinywa.

Sasa maji yamemfuata mwenyewe, usiku, bila kuitwa,
na mwanawe anataka kuyafunga.

Nikasubiri. Beseni likajaa.
Nikatoka, nikafukua mchanga juu ya mita kwa mwiko,
nikafunga. Nyumba ikanyamaza ghafla
kama watu waliokuwa wakikusema.

Asubuhi Nankumba akaja na spana na tepu nyeupe.
Habari ya nati hakuigusa.
Aliuweka tu ule mpira mezani, mbele yangu,
ukiwa umejikunja kama risiti.
Nikalipa kumi na mbili, na koki ya ukutani, na ufundi.
Bili ya maji itakuja na lake.

Vyombo kumi na tisa jikoni, vimejaa, vimefunikwa.
Bomba linatoka, mama, nikamwambia. Tumwage.
Akanielekezea lile jicho moja lenye nuru,
akachota kikombe, akanywa polepole.
"Haya hayana kosa," akasema.

Siku tatu tumeyachemshia ming'oko.
Hotipoti bado kaikatalia.