Saa ya Mrija

Saa tatu na dakika kumi. Nimeusimamisha.
Mrija mwembamba kuliko kalamu,
damu ya Mize Shaame wa Kiuyu
imejaa hadi kwenye sifuri.
Usiuguse, namwambia mdogo wake,
wala usiegemee meza. Mrija ukiinama
damu husema uongo.

Wiki ya nne hii, homa.
Kipimo cha malaria: mstari mmoja, kila siku mstari mmoja.
Kameza vidonge vya rangi mbili, kameza vya njano,
kachanjwa kifuani na mtu wa Wingwi,
kafukizwa. Jioni mwili unawaka,
alfajiri shuka limerowa la kukamua.
"Homa tu," wamemwandikia vituo vitatu,
kwa wino wa rangi tatu.

Mashine mpya, ile ya kupima protini ya uvimbe,
tumeifunika kanga.
Dawa yake iko Unguja, itakuja na boti ya Alhamisi;
hatukuambiwa Alhamisi gani.
Basi nimerudia kioo hiki cha kale
alichoniachia Bwana Asaa alipostaafu,
pamoja na kibao chake na neno moja:
"Ipe damu saa nzima. Hamsini na tano si saa."

Damu tulivu hukawia kushuka,
kila chembe na njia yake.
Mwili ukiwa vitani
chembe hushikana migongo, zikapandana
kama sahani za maulidi zinazosubiri kuoshwa,
zikawa nzito, zikazama,
na juu yake yakabaki maji
rangi ya chai ya mchaichai.

Saa tatu na nusu, ishafika arubaini.
"Yashuka mbio," asema Mbarouk. "Ndo uzuri?"
Najifanya nafuta lenzi.

Saa nne na dakika kumi.
Nasoma mara mbili, jicho sawasawa na mstari.
Mia na kumi na mbili.

Si jina la ugonjwa.
Ni moshi juu ya paa: wajua ndani mna moto,
hujui ni jikoni au chumba cha watoto.
Mimi silijui hilo, na mrija haulijui.
Lakini "homa tu" haiandikiki tena.

Daktari Salhina akaisoma karatasi, akavuta stuli,
na kwa mara ya kwanza katika wiki nne
mtu akakaa chini mbele ya Mize.
Akauliza upya, pole pole, mambo kama ya upuuzi:
Mgongo wauma wapi?
Nani kwenu anakohoa?
Mbuzi wenu mwaka huu, hajaharibu mimba?
Maziwa mnachemsha?

Mize akageukia dirisha.
"Ya chai twachemsha," akasema.
"Nilipotoka arubaini walinipa mabichi,
kikombe asubuhi, kikombe usiku,
eti niongeze damu."

Kalamu ya daktari ikasita,
kisha ikaandika mstari mrefu.

Nimerudi maabara kusuuza mrija.
Nje wako sita.