Safari Hii

Kihindi sikukisomea. Nilikiokota dukani
pale Biashara, miaka tisa nikikunja leso
na kumsikiliza Hasmukhlal akigombana na simu.
Kwa hivyo kila Jumamosi watu wa Kibokoni
hunipa mimi kiti cha mbele, kando ya shuka
iliyopigwa misumari ukutani kwa kina Twalib,
na kikombe cha kahawa chungu, ndio ujira wangu.
Picha ikisema, nami nasema.

Ile ya juzi ilikuwa ya kuchekesha.
Mtangazaji, koti la kumeta, nywele zinatiririka mafuta,
apiga kelele kama anayeuza samaki wa jana:
HABARI ZA SASA HIVI! Mbuzi wa diwani hajulikani aliko!
Ramani. Mishale myekundu. Wataalamu watatu
wabishana mbuzi alikuwa akiwaza nini.
Kisha wimbo: waandishi arubaini na vipaza sauti
wakatika viuno mbele ya zizi tupu,
na mvua, bila shaka, yawanyeshea.
Tulicheka hata kahawa ikamwagika.
"Hawa ni wetu hawa!" akapaza Athumani fundi wa mafriji.
"Si yule wa saa moja, wa 'usibanduke hapo ulipo'?"

Ndipo wakafika kwa mjane.
Nyumba imeanguka mchana, wawili wamo ndani.
Mtangazaji ajifuta jasho, amtupia jicho mshika kamera,
amgeukia mwanamke, amwambia maneno manne
niliyoyaelewa kabla hayajamaliza kutoka.

Nikanyamaza.
Safu ya pili, mkekani, alikuwa Bi Mwanakheri.
Mwaka ule ghorofa lilipolala kule Bondeni
alisimama vumbini na kiatu kimoja cha mwanawe,
na gari lenye ungo kichwani lilifika
kabla ya ambulansi.
Sote tulimuona usiku ule. Alilia vizuri, watu walisema,
mkanda mwekundu ukimpita chini ya kidevu,
na baada yake tu, tangazo la unga wa ngano.

"Kasema nini?" wakauliza.
Nikasema, "Amesema, pole sana, mama."
Mzaha ukapoa. Mtu akakohoa.
Shukani yule mwanamke alikuwa akilia upya,
kilio kisichooana na pole.

"Muongo wewe," akasema Bi Mwanakheri bila ukali,
akiendelea kumenya njugu zake.
"Kihindi sikijui, lakini hayo nimeshaambiwa,
tena kwa Kiswahili sanifu, kwa adabu zote:
Mama, taa ilikuwa haijawaka. Lia tena."

Hakuna aliyejua pa kuyaweka macho.
Twalib akainuka azime.

"Uzime nini? Rudisha.
Rudisha hapo kwa mjane. Nataka kumtazama
kama naye mara ya pili alikuwa akifikiria
mtandio umekaa sawa.
Mimi nilifikiria hivyo. Mungu anisamehe.
Kile cha kwanza ndicho kilikuwa kilio.
Hawakukitoa."

Ganda la njugu likaanguka; likasikika.
Twalib akarudisha. Mbuzi akapita mbio kinyumenyume,
mvua ikapanda mbinguni, akazidisha,
akapeleka mbele tena, polepole, mpaka kwenye kifusi.
Mtangazaji akajifuta jasho lile lile.
Nikaweka kikombe chini,
na safari hii nikatafsiri.