Mkasi wa Kuazima

Mkasi wa Fundi Mhina una mpini mweusi
uliofungwa uzi pale chuma kinapouma kidole.
Miaka kumi na minne nimeuona ukilala mezani kwake,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
nami nimekaa hatua tatu kando yake
nikipinda mapindo, nikitia vifungo,
nikibadilisha zipu za suruali za watu wa bandarini.
"Mwanakombo ana mkono msafi," wateja husema.
Msafi, ndiyo.
Mkono usiokata utapata wapi doa?

Nilikata mara moja.
Lesi ya rangi ya maziwa, ya harusi,
ya binti wa Bi Tatu wa Chumbageni,
na nilisahau (kitu cha kijinga)
kuacha upana wa mshono.
Gauni likakataa kupita mabegani.
Bi harusi alilia. Mama yake hakulia,
alihesabu.
Nikalipa miezi minane,
na mwezi wa tisa nikaanza kulipa deni
ambalo hakuna aliyenidai.

Tangu hapo kazi yangu ni kupima.
Shingo, viuno, makwapa, matumbo ya wajawazito,
futi imenichakaa shingoni hadi namba zimefutika.
Mwenda pole hajikwai, nikajiambia.
Na kweli sikujikwaa.
Aliyekaa atajikwaa na nini?

Sandukuni, chini ya vyeti na vidonge vya kufukuzia mende,
nina mita tatu za kitambaa cha kijani,
kijani cha mkonge asubuhi, kabla jua halijaufanya kijivu.
Nilikinunua kwa pesa ya upatu, zamu yangu ya kwanza.
Nilikusudia gauni la mtindo wa kichwani mwangu,
kola imelala upande mmoja, kama mtu anayesikiliza.
Nimelishona usiku mara ngapi!
Usingizini halina kosa.
Ndiyo maana nililiacha humo.

Juzi Mwajabu, mtoto wa jirani, ana miaka saba,
aliinua kifuniko akauliza,
"Hiki kinamsubiri nani?"
Nikatafuta methali ya kumjibu. Tanga hatukosi methali.
Zikaja zote hadi ulimini
zikiwa na sauti yangu ya woga.
Nikazimeza.

"Fundi, niazime mkasi."
Mhina hakuuliza wa nini. Alisema,
"Usiubembeleze tu.
Mkasi ukibembelezwa hutafuna."

Nikatandika kitambaa kwenye mkeka.
Chaki ikatetemeka, mstari ukaenda kama njia ya mchwa.
Bi Tatu akaja kuketi pembeni, akihesabu.
Nikakata mbele yake.
Kacha.
Sauti ndogo hivyo!
Miaka yote nilidhani itakuwa radi.

Sasa niseme ukweli: nimekosea.
Kwapa la kushoto linabana,
na kola imelala kupita kiasi,
haisikilizi mtu, imesinzia.
Nikakaa sakafuni, pini mdomoni,
nikasubiri dunia ianguke.
Nje baiskeli ikapita, mnyororo unalia mafuta.
Mtu akamwita mwenzake wakale.
Basi.

Mabaki yakatoa gauni la Mwajabu,
mfuko mmoja umekaa juu kuliko mwenzake.
Ameenda nalo chuoni.
Hutia mkono mfuko ule wa juu
na kuwaambia wenzake ndivyo ulivyotakiwa.

Nami nimevaa langu. Mkono wa kushoto siuinui sana.
Nimerudisha mkasi wa watu,
nikatembea hadi Barabara ya Ishirini kuulizia bei.
Ghali. Nikakaa nao mkononi, nikaufungua, nikaufunga.
Muuzaji akanitazama bega, akatazama kola.
"Wa kukatia nini, mama?"
"Kitambaa," nikasema.
"Kingi."