Fomu ya Tatu

Mwaka huu tena jina lako limo kapuni,
Dilrukshi, na kompyuta ya serikali
haijui nani husikia ufa kwa nyundo.

Mwanasheria kanipangia njia mezani kama karata:
hii ya bahati nasibu,
hii ya wenye vipaji vya ajabu,
hii ya kukuhamisha kutoka tawi la ng'ambo
(tawi gani? Tuko watu tisa na gari moja bovu).

Fomu ya tatu inauliza:
"Ana nini ambacho wa hapa hana?"
Nimefuta mara nne.
Nikaandika shahada. Nikaandika miaka.
Sikuandika ile Januari ya Duluth, ziwa limeganda,
ulipogonga mhimili wa saba, ukainamisha kichwa,
ukasema, "Huyu mgonjwa,"
na wakaguzi wawili wakacheka
hadi Machi, ufa ulipopanuka ukameza kidole.

Sasa uko Kandy, kibali cha mwanafunzi kimekwisha.
Unanipigia usiku wako, asubuhi yangu,
unauliza hali ya daraja
kabla ya hali ya viza.

Nimelipa ada. Nimetia sahihi.
Penye maelezo ya ziada nimeandika:
"Malori bado yanapita."